Jina la Mke wa Makram

Kabla maneno hayajafika mbali nataka lieleweke jambo moja: mimi silali kanisani. Nafumba macho. Misa ya Ijumaa inaanza alfajiri na haina haraka ya kwisha, na mtu mwenye magoti kama yangu akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akafumba macho apate kusali vizuri, wenye roho mbaya watasema kalala. Waseme. Lakini wakisema mimi ndiye niliyemfisha Rifqa, hapo nakataa. Rifqa alijifisha mwenyewe, kwa kalamu yake na akili zake timamu, na leo yu mzima kuliko mimi.

Mimi mama Ayyad. Nazlat Bishai nzima inaniita hivyo tangu Ayyad wangu azaliwe, na Ayyad sasa ana mvi, yuko Kairo, simu hapigi. Ukuta wangu na ukuta wa Makram ni mmoja, kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa. Niliyasikia mwenyewe ukutani, bila hata kutega sikio.

Rifqa alizaliwa wa tano. Baba yake, mzee Tadros, Mungu amrehemu, alikuwa na mabinti wanne na kiu ya mtoto wa kiume. Mkunga alipotoka na kusema, “Msichana,” mzee aliuliza, “Tena?” akarudi zake kwenye vitunguu. Hakuna aliyekumbuka kumpa mtoto jina. Siku themanini aliitwa “huyu”. Siku ya themanini wakampeleka kubatizwa, kama tufanyavyo mabinti wetu. Abuna wa wakati ule, kasisi mkali, akamshika juu ya maji, akauliza, “Jina lake nani?” Mama akamtazama bibi, bibi akamtazama mama. Maji yanapoa, Abuna ana safari ya kuvuka mto kwenda Minya. Akasema mwenyewe, “Rifqa!” akamzamisha mara tatu. Basi jina lake alipewa na kanisa, tena kwa haraka.

Nyumbani halikutumika. “Wa tano, lete maji. Wa tano, funga bata.” Akakua hivyo, mpole, mnene kidogo, mikono ya kazi, hana makuu.

Makram alikuja kumposa wa nne. Makram ni fundi wa makreti ya mtende, yale ya kubebea nyanya na zabibu. Hukaa chini uani, hushika upongoo, ule uti wa kuti la mtende, kwa vidole vya miguu, mikono ikachonga na kutoboa tangu asubuhi hadi jioni. Wa nne alimtazama miguu akasema hataki mume mwenye vidole vya miguu vinavyoweza kushika kikombe cha chai. Nyumba ikaingia aibu, posa imeshapokelewa, sharubati imeshanywewa. Ndipo wa tano akasema kutoka jikoni, “Mimi nitamchukua.” Makram aliambiwa, akafikiri, akasema, “Sawa.” Hilo ndilo neno la mapenzi alilopata.

Siku ya ndoa mimi nilisimama nyuma yake na mshumaa. Abuna alipowavisha mataji akatamka mbele ya watu wote: Makram na Rifqa. Niliona masikio ya yule binti yamekuwa mekundu. Maisha yake yote hiyo ilikuwa mara ya pili jina lake kutamkwa kwa sauti, na mara ya kwanza hakuielewa kwa kuwa alikuwa amemeza maji.

Halafu ikafuata miaka kumi na tisa ya kimya.

Kwetu huku mwanamume hatamki jina la mkewe mbele ya wanaume wenzake. Jina la mke si la barabarani. Husema “wa nyumbani”, au “mama Fulani”, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini mlango ukishafungwa wengi hulitamka. Marehemu wangu alikuwa akilitamka, tena kwa namna ambayo… haya, tuyaache. Makram hakulitamka nje wala ndani. Na Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo Rifqa hata “mama Fulani” hakupata.

Alimwita kwa kisu. Aligonga upongoo: ko-ko, maana yake chai. Ko-ko-ko, chakula. Ko moja, njoo ushike hapa. Rifqa alizoea mpaka akaweza kutofautisha ko ya njaa na ko ya hasira. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Makram si mtu mbaya. Hakumpiga, hakulewa, hakumnyima kitu. Ila alikuwa anatumia maneno kidogo kidogo, utadhani wanayauza dukani. Rifqa akimpikia bata na wali, akimpikia bamia, akimpikia hata ful, maharage yetu ya kila siku, jibu ni moja: “Inalika.”

Kumbe maneno alikuwa nayo. Siku moja nikasikia ukutani sauti ya mwanamume, laini, inabembeleza: “Warda, roho yangu, umekula? Jua halijakuumiza leo? Songa kidogo, Warda, baba apite.” Yarabi! Nikasema Makram kaingiza mwanamke ndani. Nikapanda juu ya paa na magoti yangu haya kuhakikisha. Ni punda.

Punda ana jina, tena jina la ua.

Mambo yaliharibika masika ya mwaka juzi, bwana mifugo alipokuja kuchanja wanyama. Kijana wa mjini, ana daftari kubwa. Wanaume wote wa mkahawani walikuja kusimama uani kwa Makram, maana kwetu sindano ya punda ni tamasha.

“Jina la mwenye mnyama?”

“Makram Habib.”

“Na mkeo? Nahitaji mtu wa pili wa kaya, wewe usipokuwepo.”

Makram akakohoa. “Wa nyumbani.”

“Wa nyumbani hana jina?”

Wanaume wakaanza kuangalia juu, kuna mzabibu pale, wakawa wanauchunguza. Makram akatazama vidole vyake vya miguu. “Andika mke wa Makram.”

Bwana mifugo akaandika. “Na mnyama? Ana jina la kumtambulisha?”

“Warda!” Kwa sauti kamili, kifua mbele.

Rifqa alikuwa nyuma ya mlango na sinia la chai. Chai aliitoa, maana ana adabu. Halafu akaja kwangu, akakaa sakafuni, akalia mpaka kuku wangu wakatoka nje.

“Mama Ayyad, punda kaandikwa serikalini. Mimi sikuandikwa.”

“Umeandikwa, mwanangu. Mke wa Makram si wewe?”

“Nikifa akaoa mwingine, na huyo ataitwa mke wa Makram. Hilo jina ni la kiti, si la mtu. Mimi ni nani?”

“Si wewe mke wa…” Nikajiuma ulimi, nimechelewa.

“Hata wewe!” Akalia upya. “Hakuna anayenipenda. Baba hakunipenda, huyu hanipendi, hata bata hawanifuati.”

Nikamshauri ampikie Makram bila chumvi wiki nzima. Akasema, “Atasema inalika.”

Kesho yake akaenda kwa Abuna Basili, kasisi wetu wa sasa. Mtu mwema sana, ila ukimletea jambo lisilo na dawa yeye hukuandikia kusujudu mara arobaini, kama daktari asiyejua ugonjwa anavyotoa vidonge vya kichwa.

“Binti yangu,” akamwambia, “Mungu anakujua kwa jina.”

“Najua, Abuna. Lakini nataka kulisikia.”

Abuna akashika ndevu, akafikiri. “Sujudu mara arobaini.”

Akasujudu zote. Alipoinuka mara ya mwisho, anahema, akasikia wanawake wanaimba ukumbini. Ilikuwa Alhamisi mchana, saa ya kuimba sifa, wakiongozwa na mwalimu Irini. Akaingia akasimama nyuma. Kulikuwa na matoazi yamekaa bila mtu. Akayachukua.

Sauti ya Rifqa, tuseme ukweli, haikuumbwa kwa masikio ya binadamu. Inaanza chini, inapanda bila kubisha hodi, ikifika juu inapotea njia. Mwalimu Irini alivumilia Alhamisi tatu. Ya nne akamwambia kwa upole, “Dada, ungeimba kimoyomoyo, Mungu anasikia.”

Rifqa akajibu, “Moyo umechoka kuimba peke yake, mwalimu.” Akagonga matoazi.

Basi akawa mtu wa sifa. Akasifu akikanda unga, akasifu akifua, akasifu akipanga mikate juani ipate kuumuka. Mimi ndiye mwenye ukuta, mimi ndiye niliyejua. Makram naye alipata tabu, maana alikuwa akigonga ko-ko, wimbo ukameza ko-ko, chai ikachelewa ubeti mzima. Nilimsikia akimwambia punda, “Warda, unayasikia mambo haya?”

Siku moja nikamuuliza juu ya ukuta, “Wewe mwanamke, kelele zote hizo zinakupa nini?”

Akaweka donge la unga juani, akapangusa mikono. “Mama Ayyad, nikinyamaza humu ndani najiona napungua. Nikimsifu Mungu naona kuna mtu amesimama anasifu, na mtu mwenyewe ni mimi.”

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nikashuka ukutani nikaenda kuwapa kuku chakula.

Lakini ile hamu ya kulisikia jina haikumtoka. Kanisani kwetu, mlangoni, kuna sanduku la mbao lenye midomo miwili. Mdomo wa kulia ni wa walio hai: unaandika jina la mgonjwa wako, msafiri wako, mwanao asiyepiga simu, unatumbukiza, Abuna anakwenda nayo madhabahuni. Mdomo wa kushoto ni wa waliolala. Rifqa alikuwa amejifunza kuandika katika darasa la kina mama pale ukumbini, na Kwaresima nzima akawa anaandika jina lake mwenyewe na kulitia kulia. Kila Ijumaa akatega sikio. Kimya. Akamfuata Abuna.

“Abuna, uliniombea?”

“Nilikuombea, binti yangu.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina.”

“Kwa sauti?”

“Ya walio hai nayasoma nyuma ya pazia, kwa siri, na Mungu wangu.”

“Na ya wafu?”

“Ya wafu anayasoma shemasi, kwenye kipaza sauti, watu wote wasikie.”

Angejua alichokuwa anasema, angejikalia kimya, lakini Abuna wetu ni mtu wa kujibu alichoulizwa. Rifqa akamshukuru akaenda zake. Baadaye alinieleza alivyofikiri. Mungu anajua niko hai, alisema. Karatasi si kaburi. Na marehemu hawatanuna nikikaa kwao kwa dakika moja.

Sasa lazima umjue shemasi Labib. Shemasi Labib ana miwani mizito kama chini ya glasi, na yeye husoma chochote kilicho mbele yake bila kuuliza. Zamani karatasi ya mtu ya sokoni iliingia humo kwa bahati mbaya, akaomba pumziko la milele kwa roho ya kilo mbili za bamia, na sisi sote tukaitikia, “Bwana utuhurumie.” Huyo ndiye aliyepewa karatasi ya Rifqa.

Ijumaa hiyo Rifqa alisimama mbele kabisa upande wa wanawake, kwenye nguzo. Mimi benchi langu la mwisho, nimefumba macho nasali. Nilikuwa ndani sana ya sala, mbali kabisa, nafikiri hata marehemu wangu nilimwona. Mara kipaza sauti kikasema: “…na roho ya Bishara, na roho ya Hilana mama wa Bishara, na roho ya Rifqa, mke wa Makram wa makreti…”

Nazlat Bishai ina Rifqa mmoja. Makram wa makreti ni mmoja.

Watu walio macho walifanya nini? Waliitikia, “Bwana utuhurumie,” kama kwa bamia! Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nasikiliza. Na huko mbele macho yangu hayafiki, sikumwona pale kwenye nguzo ameinama mpaka chini, anatetemeka kwa furaha. Nikaruka. Nikatoka nje na kiatu kimoja, nikapiga ukunga ambao haujapigwa kijijini tangu mafuriko.

“Uwiii! Rifqa! Mwanangu wa ukutani! Kafa jamani, kafa!”

Wanawake wa benchi la nyuma wakanifuata wakilia, maana hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kulia. Tukapita mkahawani. Pale anakaa Hanna, mwenye viti vya kukodisha, mtu ambaye hajawahi kukosa msiba. Hakuuliza kafa nani. Kabla sijafika mlangoni kwa Makram, viti vilikuwa vimefika, na mke wa Hanna amekwisha kubandika kahawa chungu isiyo na sukari.

Makram alikuwa chini uani, upongoo kati ya vidole. Nikasimama mbele yake, nikakosa pumzi.

“Makram, mwanangu, Mungu akupe subira.”

Akatazama juu. “Nani?”

“Mkeo.”

“Katoka asubuhi mzima. Kaniachia chai.”

“Kifo kinauliza chai? Nimesikia kwa masikio yangu, kanisani, shemasi kamsoma!”

Kisu kikaanguka. Hakuuliza kafia wapi, hakuuliza kwa nini. Kitu kilichosomwa na shemasi mbele ya madhabahu, Makram atakibishiaje? Halafu akatazama kikombe kando yake, chai iliyobaki imeshapoa, akakishika kwa mikono miwili. Nikaona uso wa yule mtu unavunjika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

“Rifqa,” akasema.

Polepole hivyo, kama anayejaribu meno mapya. Halafu akainuka, akatoka mbio, peku, kikombe mkononi.

“Rifqaaa!”

Akapita mkahawani. Wanaume wale wale wa sindano ya punda walisimama kumpa pole, na yeye akapita katikati yao akipayuka jina la mkewe barabarani, mchana kweupe, kichwa wazi! Wengine waligeuza nyuso ukutani kwa aibu. Mzee mmoja akaziba masikio. “Rifqa! Rifqa binti Tadros! Rifqa, usiende, bata nimekula miaka yote na alikuwa mtamu! Rifqa, mimi nasemaga moyoni! Kila siku nasema moyoni, Rifqa, nilidhani unasikia!” Warda kakata kamba, anamfuata nyuma akilia naye, na nyuma ya Warda sisi wanawake wote, na nyuma yetu Hanna na viti viwili, kwa tahadhari.

Misa ilikuwa ndiyo kwanza inatoka. Makram akafika kwenye ngazi za kanisa, akapiga magoti, chai yote imemwagikia kanzu, na akaita. Akaita tena. Watu waliokuwa wakitoka na mkate wa baraka mkononi wakasimama mlangoni kama walivyo.

Na Rifqa? Rifqa alikuwa nyuma ya ule mlango. Amekwisha kupokea komunyo, amekwisha kunywa maji ya baada yake, kipande chake cha mkate kiko kwenye leso. Alisikia tangu ile ya kwanza kule barabarani. Akaegemea mbao, akafumba macho, hakuitika. Baadaye nilimgombeza: “Mtu anakufa kwa huzuni nje, wewe umesimama! Kwa nini hukuitika?”

Akasema, “Mama Ayyad, miaka kumi na tisa. Nikasema mwache aite kidogo.”

Sauti ya Makram ilipoanza kukauka ndipo mlango ukasogea. Akatoka, mtandio mweupe kichwani, mzima, mnene vilevile.

“Abee,” akasema.

Hata Warda akanyamaza. Makram akamtazama miguu, akamtazama uso, akamgusa vidole kuhakikisha ni nyama.

“U hai?”

“Niko hai.”

“Shemasi kakusoma!”

“Niliandika mwenyewe.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka kusikia jina langu.”

Makram akawa mwekundu, halafu mweupe, halafu mwekundu tena. “Umeniaibisha mbele ya kijiji kizima! Nimelia mbele ya Hanna! Nimesema mambo ya bata!” Akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumshuhudia, akaona kijiji kizima kinamshuhudia, akageuka tena kwa mkewe. Akataka kuendelea kufoka, na kinywa kikakataa. Akaweka kichwa kwenye pindo la gauni lake, pale pale ngazini, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

Rifqa akaweka mkono kichwani kwake. Akatazama juu, akavuta pumzi, na akapiga kigelegele. Lo! Ile sauti isiyojua njia kwenye nyimbo, kwenye kigelegele ilikuwa iko kwao. Kilipanda juu ya mnara wa kanisa, na wanawake wote tuliokuja na vilio tukajikuta tunaitikia kwa vigelegele, machozi bado mashavuni. Akaanza kuimba sifa ile ile ya uani kwake, na mwalimu Irini mwenyewe akamfuata, akipotea kila alipopotea.

Abuna Basili akatoka nje na mavazi yake, akataka kujua kuna nini, akaambiwa na watu kumi kwa pamoja. Nafikiri alitaka kukasirika. Mwisho akasema, “Wewe, sujudu arobaini kwa kuwadanganya wafu. Labib, arobaini, na ukanunue miwani. Mama Ayyad, arobaini kwa kulala kanisani.” Nikasema mimi silali. Akasema basi themanini.

Viti vilikuwa vimeshapangwa, na Hanna si mtu wa kurudisha viti. Kahawa ikatiwa sukari, watu wakakaa, wakacheka mpaka adhuhuri.

Usidhani Makram aligeuka malaika. Kesho yake asubuhi nikasikia ukutani: ko-ko. Rifqa anakanda unga, anaimba, wala hakukatiza. Ko-ko. Ubeti ukaendelea. Kikapita kimya kirefu mpaka nikaacha nilichokuwa nakifanya nikaweka sikio ukutani, bila kutaka. Halafu sauti ya chini sana, ya mtu anayeiba kuku: “Rifqa. Chai.”

Akamaliza ubeti, kisha akasema, “Abee.”

Ndivyo wanavyoishi sasa. Mbele ya wanaume bado ni “wa nyumbani”, lakini masikio ya Makram huwa mekundu anaposema. Na Rifqa kanisani hakuacha. Ndiye anayefagia, ndiye anayelitoa lile sanduku na kumpelekea Abuna. Nilimwambia, “Jina si umeshalipata? Kule unafuata nini tena?”

Akasema, “Kwanza nilikwenda kulalamika nikajikuta nasifu. Sasa nikae nyumbani nimnyamazie aliyenishika mkono wakati ule?”

Nikamwambia maneno mengi. Lakini wiki hiyo nilikaa nikafikiri. Marehemu wangu amelala huu mwaka wa kumi na moja. Ayyad anasema “mama” kwa simu, akikumbuka simu. Nikatafuta kalamu. Mimi huandika kwa shida, herufi zangu zinalala zote upande mmoja. Ijumaa nikatia karatasi yenye jina langu kwenye sanduku, mdomo wa kulia, wa walio hai. Sina mwanamume wa kunikimbilia barabarani, ningetia kushoto wangekunywa kahawa tu wakaenda zao. Nikakaa benchi langu nikafumba macho.

Misa ilipokwisha nilikuwa natafuta kiatu chini ya benchi. Nikasikia ufagio umesimama nyuma yangu.

“Tafida,” Rifqa akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie aache utoto, mimi ni mama Ayyad, mtu mzima. Mdomo ukasema, “Abee.”